Sahani ya Kumi

Kwa miaka thelathini na moja magoti yangu yalikuwa na kazi moja kanisani: kupisha. Wakati wa Komunyo ukifika, watu wa benchi langu husimama, mimi hubaki nimekaa. Nayapindisha magoti upande wapite wakienda, nayapindisha tena wapite wakirudi. Wanarudi wameinamisha macho, midomo wameifumba. Mimi naangalia viatu. Ukitaka kujua nani parokiani kwetu kapata viatu vipya, niulize mimi Benedikta.

Msije mkadhani nilifukuzwa. Hakuna aliyenifukuza, niliolewa. Nilimpenda Uweso, fundi baiskeli wa mtaa wa Mabawa, Mwislamu mtoto wa Waislamu, naye akanioa kwa ndoa ya kwao, kwa shekhe na mahari na halua, mimi nikabaki na Ukatoliki wangu. Kwao ilikuwa ndoa halali kabisa. Kwetu nilikuwa mwanamke anayekaa na mwanamume bila ndoa, na mwanamke wa namna hiyo anasali, anaimba, anafagia kanisa, ila hapokei Komunyo. Njia ya kutokea ilikuwepo. Askofu anatoa ruhusa, mume anakuja kanisani mara moja, anasema maneno yake mbele ya padri, basi. Hata dini habadili.

Nilimwambia Uweso mara moja tu, mwezi wa pili wa ndoa yetu. Nilisema nataka tufunge na ndoa ya kanisani. Akanijibu, "Bene, mama ameniapisha. Nimeapa sitasimama na mwanamke mbele ya altare. Nakuomba, usiniombe hilo."

Mama mkwe wangu Bi Tausi, Mungu amrehemu, alikuwa hataniwi. Nikasema haya. Kosa langu ndilo hilo, wala simsingizii mtu: nilisema haya, nikanyamaza. Sikumwambia kwamba bila maneno yale mimi sitapokea Ekaristi maisha yangu yote. Yeye alidhani nimekosa sherehe, gauni na keki na picha. Nami nina kiburi cha marehemu baba yangu, manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge, aliyetoka Songea akafia Maramba bila kumwomba jirani hata chumvi. Nikajiambia, mimi siombi mara mbili. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na kweli sikuzaa, majirani wakapata la kusema. Lakini lililoniuma halikuwa hilo.

Kila Jumapili Uweso alinipakia kwenye keria ya baiskeli yake akanipeleka Misa. Hakuwahi kukosa, hata siku za mvua. Mimi nilikuwa natoka nyumbani sijaonja kitu, kama masista walivyotufundisha utotoni, kwamba mtu haendi kwenye meza ya Bwana na tumbo limejaa chapati. Mezani nilikuwa siendi, lakini njaa yangu nilikwenda nayo. Sijui nilikuwa namtega Mungu au namsuta. Uweso aliponiona siku ya kwanza akauliza, "Mbona hunywi chai?"

"Nafunga mpaka Misa iishe."

"Basi na mimi sinywi. Nile nishibe, wewe una njaa? Hapana."

Akashika hivyo hivyo miaka yote. Alikuwa akiningoja ng'ambo ya barabara kwa muuza kahawa, kakaa katikati ya wanywaji, yeye hanywi. Walimtania, "Uweso, wewe Ramadhani yako haiishi?" Anacheka tu. Tukirudi nyumbani natenga maharage ya nazi na vitumbua, na hapo kulikuwa na kawaida yake moja: hagusi chakula mpaka aone nimemeza tonge la kwanza. "Umekula?" ananiuliza. Nikisema nimekula, ndipo naye anakula.

Huko kwenye benchi, wenzangu wakiwa wamejipanga mstari, nilikuwa na sala yangu. Vitabuni imo nyingine nzuri zaidi, ya Komunyo ya tamaa, ya wale wasioweza kupokea, lakini mimi nilisema ya kwangu: "Bwana, ni mimi tena. Leo pia siji. Kama unaweza kuja mwenyewe, njoo. Kama huwezi, usinisahau." Siku nyingine alikuja, nilihisi. Siku nyingi nilihisi njaa tu. Siku niliyoipenda ilikuwa Alhamisi, saa ya kuabudu, Ekaristi ikiwa imewekwa juu ya altare sote tumepiga magoti. Siku hiyo nilikaa benchi la mbele kabisa. Alhamisi tulikuwa sawa. Wote tunatazama, hakuna anayekula.

Sasa, mwaka jana, sikukuu ya Ekaristi, Padri Timotheo akasema maandamano yapite Mabawa. Ni kijana huyu padri, ana miguu ya kutembea. Tukapita na nyimbo zetu, hostia, ule mkate wa Ekaristi, imeinuliwa ndani ya monstransi, chombo chake cha kuonyeshea, watoto wanamwaga maua, mpaka mbele ya kibanda cha Uweso. Alisimama na rimu mkononi. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Padri alipogeuka kutubariki tukapiga magoti mchangani, na pale, sijui kwa nini, machozi yakanishinda, na Uweso akaniona.

Hakuniuliza mimi. Kesho yake Praxeda, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alimpelekea baiskeli kuzibwa pancha, Uweso akamwuliza yeye kilichoniliza. Na Praxeda, jamani, ulimi wake haulali. "Shemeji, kile ndicho tunachokula Jumapili. Ila mkeo hali. Hali kwa sababu hujamwoa kanisani. Lo! Miaka yote hiyo hujui?"

Saa nne asubuhi akafunga kibanda. Nilikuwa uani nachagua mchele.

"Benedikta." Akiniita jina zima najua kuna jambo. "Huko kanisani wenzako wanakula?"

"Wanakula."

"Na wewe?"

Nikaendelea kuchagua mchele.

"Miaka yote hii nakupakia mwenyewe, nakungoja, nakurudisha, kumbe nakupeleka ukatazame watu wanavyokula?"

"Si uliapa?"

"Niliapa nisisimame na mwanamke mbele ya altare! Sikuapa kukuweka na njaa! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Hukuniambia, Bene. Ulisema unataka ndoa. Hukusema una njaa." Akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya uani, na mafuta ya mnyororo mikononi, akalia. Sikuwahi kumwona Uweso analia, hata mamaye alipokufa. Nilitaka ardhi ipasuke. Ningesema neno lile moja mapema, angelia siku hiyo akiwa kijana, na mimi ningekula miaka thelathini na moja.

Alikwenda kwa Shekhe Tahiri kuuliza habari ya kiapo chake. Shekhe akamwambia, "Kanisani sikutumi wala sikuzuii, hilo ni lako na Mola wako. Umeniuliza kiapo, nakujibu kiapo. Kina kafara. Lisha maskini kumi, chakula kile kile unachokila wewe na watu wako."

Basi tukapika. Dada yake Uweso, wifi yangu Mwatumu, alikuja kunisaidia akiwa amevimba, anabamiza mifuniko ya sufuria. Mwatumu hakunipenda sana, na mimi sikumlazimisha. "Kiapo cha mama kinavunjwa kwa kijisahani cha pilau," alisema, lakini pilau aliipika yeye, na ilikuwa tamu. Uweso akawaalika maskini mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Wakaja tisa. Wa kumi, Mzee Sabiri, mguu ulikuwa umemvimba, hakuweza kutoka kwake.

Ikabaki sahani moja. Uweso akaileta jikoni, kaishika kwa mikono miwili. "Wa kumi ni wewe," akaniambia. "Maskini wengine nimewakuta. Wewe nimekufanya mimi."

Nikala huku nalia, pilau ikawa na chumvi mara mbili. Ijumaa, baada ya swala, akaenda kwa furaha kumweleza Shekhe kwamba kafara imekamilika. Shekhe akacheka, kisha akatikisa kichwa. "Wewe Uweso! Mke unamlisha kwa wajibu, tangu siku ulipomwoa. Hahesabiki. Bado mmoja."

Akarudi nyumbani kajiinamia kidogo, lakini hakukata tamaa. Tulikuwa tumeshakwenda kwa Padri Timotheo, barua ya askofu ilikuwa imefika. Padri alimwambia, "Mzee wangu, hutapiga goti wala hutaungama kitu usichokiamini. Utasimama tu, utamwambia mkeo kwamba unampokea." Ilipangwa Jumamosi. Nilishona kitenge cha buluu. Siku yangu ya kupokea ingekuwa Jumapili, na kuanzia wiki ile sikulala vizuri, nilikuwa kama mtoto anayengoja Komunyo ya kwanza. Nilifungua kinywa mbele ya kioo nione kama bado najua. Mwanamke wa miaka hamsini na sita!

Jumatano Mwatumu akaja akapika tena. Uweso akatia wali na samaki kwenye hotpoti, akaifunga kwenye keria kwa kamba ya mpira, pale pale ninapokaa mimi. "Nampelekea Mzee Sabiri, nakwenda narudi," alisema. "Jumamosi nataka niwe sina deni na Mungu."

Hakufika. Moyo ulisimama akiwa anakanyaga baiskeli, hata hakupiga kelele, wanasema alishuka taratibu kama anayetaka kutazama tairi, akakaa chini, akalala. Walimleta kwa bajaji. Baiskeli ikaletwa nyuma yake inakokotwa. Niliifungua ile hotpoti, sijui kwa nini, nadhani mikono ilitaka kazi. Wali ulikuwa bado wa moto. Yeye alikuwa ameanza kupoa.

Alizikwa kabla ya magharibi. Kwa desturi yao wanawake hatukwenda makaburini. Nilibaki nimekaa mkekani, kitenge cha buluu kimetundikwa mlangoni.

Nilikaa eda. Hakuna aliyenilazimisha, Mwatumu mwenyewe aliniambia, "Wewe si wa dini yetu, ukitaka kutoka utatoka." Nikamwambia sitoki. Miezi minne na siku kumi, ndani, kanga zilizopauka, bila hina wala mafuta ya manukato. Nilikuwa mke wake. Kanisani walisema si mke, basi angalau mahali pamoja duniani niwe mjane wake.

Wiki ya pili wakaja Padri Timotheo na Praxeda kunipa pole. Tukasali. Kisha padri, kwa upole, na namjua hakuwa na nia mbaya, akaniambia, "Mama Benedikta, katika huzuni hii kuna jambo moja ujue. Sasa unaweza kupokea. Ukishaungama, hakuna tena kizuizi."

Ebo! Nilisimama. "Padri, kizuizi kilikuwa na jina! Kiliitwa Uweso! Kilinipakia kwenye baiskeli kikanileta kwenu kila Jumapili! Kizuizi kimelala makaburini, mnaniambia haya njoo ule?"

Praxeda akaanza kulia. Padri akainamisha kichwa, hakujitetea, na nikamheshimu kwa hilo. Walipoondoka nilijitupa kitandani.

Siku zile nilikuwa na muda wa kuwaza, na nilimuwaza Yesu wa Alhamisi. Miaka yote nilipomtazama juu ya altare niliona mkate mweupe, safi, mzuri, nikautamani. Sikuwahi kuona kwamba ule ni mtu aliyekufa ili mwingine ale. Tunayasikia kila Misa, mwili utakaotolewa kwa ajili yenu, nasi tunayapitisha masikioni kama hodi na karibu. Sasa maiti ililetwa mlangoni kwangu, ikalazwa mkekani, nikaambiwa: kwa sababu ya hii, unaweza kula. Nilimwambia Mungu wazi, sitaki. Chakula cha namna hiyo hakipiti kooni. Wale mitume waliwezaje kutafuna? Hata ile sala yangu ya benchini niliiacha. Hakuna kilichokuja, na sikukiita.

Ikapita miezi mitatu. Mwatumu alikuwa anakuja kila siku kunipikia, tunakula kimya. Siku moja alikaa kitako mbele yangu, ile hotpoti iko mapajani mwake.

"Wifi," akasema, "mimi sipati usingizi. Nimemwuliza Shekhe. Kasema kaka yangu hadaiwi, kwa sababu kiapo hakukivunja. Nimesikia. Lakini alitia nia, na nia haikutimia. Kafa na sahani ya mtu mkononi. Nataka Mzee Sabiri ale."

"Wewe si ulikasirika kiapo kuvunjwa?"

"Nilikasirika." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nilibamiza mifuniko. Jumatano ile alinisalimia, sikumwitikia vizuri. Basi na wewe usinizidishie."

Hapo ndipo nilipompenda Mwatumu, kwa kuchelewa, kama ninavyochelewa mambo yote. Tukapika pamoja, wali na samaki. Rama, mwanawe, akamleta Mzee Sabiri kwa bajaji, akamkalisha barazani. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, kwa ajili ya eda.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba."

"Tumeshapoa, mzee. Karibu chakula. Ni kile cha marehemu, kimechelewa."

Nikamsikia ananawa. Nikamsikia anasema bismillahi. Kisha akasema, "Nilimngoja siku ile, ujue. Alinijia Jumanne kuniarifu kwamba kesho analeta. Nikamwambia, Uweso, usijisumbue, mguu huu ukipona nitakuja mwenyewe. Akasema, 'Hapana mzee, nakuomba kesho ule, usininyime. Maana usipokula wewe, mke wangu hali.'"

Nilishika pazia. Mwatumu akanishika mimi.

"Sikumwelewa," mzee akaendelea. "Nikamwuliza, mkeo anaumwa? Akasema, 'Haumwi. Ana njaa ya miaka thelathini na moja. Nataka nimwone anakula kabla sijafa.'"

Akala, polepole, kama wazee wanavyokula. Tulimsikiliza mpaka mwisho, wanawake wawili wazima tumekumbatiana nyuma ya pazia, hatutoi sauti. Alipomaliza akasema alhamdulillahi. Mwatumu akatoka kuchukua sahani, akarudi akanionyesha. Haikubaki punje.

Jioni ile nilimpigia simu Praxeda. Nikamwambia, mwambie padri aje.

Alikuja Jumapili, baada ya Misa ya pili. Mwatumu alikuwa amefagia chumba, akatandika meza ndogo kitambaa cheupe cha kwake cha kuswalia, bila kuambiwa na mtu. Jirani mmoja akauliza, mtu wa eda anaingiziwaje mwanamume ndani? Mwatumu akamjibu kwa ukali, "Tabibu anaruhusiwa!" Akavua ndala, akakaa kwenye kona.

Alitoka kidogo wakati naungama. Niliungama kimya changu. Nilisema, padri, nilimnyima mume wangu neno moja, akafa akilikimbilia. Padri Timotheo akaniondolea dhambi.

Mwatumu akarudi kwenye kona yake. Padri akafungua kile kikopo kidogo, akaiinua hostia. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka.

"Mwili wa Kristo."

Sikuweza. Nilimwona Uweso amelala mkekani. Nilimwona na sahani mikononi, wa kumi ni wewe. Padri akangoja. Hakurudia, hakunisukuma, alingoja tu, mkono wake umeinuliwa. Na katika kungoja kule nilimkumbuka Uweso upande wa pili wa meza, vitumbua mbele yake, mikono imetulia mapajani, ananitazama mdomo. Tangu Jumatano ile hakuna aliyenitazama hivyo. Nikaelewa kwamba nikikataa, nimemwacha hapo hapo mezani.

"Amina," nikasema.

Haikuwa na ladha yoyote. Ililainika polepole juu ya ulimi, machozi yakaingia nayo kinywani, nikameza. Padri akapiga goti kusali. Mwatumu kwenye kona alikuwa amefunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Mimi sikuwa na sala ya vitabuni, na ile ya benchini haikufaa tena.

Nimekula, Uweso. Na wewe kula.